Willem Einthoven na Mstari wa Moyo

Mtu ninayetaka kumwandika katika toleo hili alifariki mwaka 1927 mjini Leiden, Uholanzi, akiwa na miaka 67. Wengi wetu hapa chuoni hatujawahi kulisikia jina lake, isipokuwa wenzetu wa udaktari ambao hukutana naye kwenye mtihani akiwa amegeuzwa pembetatu: pembetatu ya Einthoven. Lakini umewahi kuona zile saa janja ambazo mtu anaivaa mkono wa kushoto, anaigusa kwa kidole cha mkono wa kulia, na baada ya sekunde 30 anaonyeshwa mchoro wa moyo wake? Huyo amebeba mkononi maabara ya Einthoven. Tofauti ni kwamba maabara yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ilichukua vyumba viwili, na ilihitaji watu watano kuiendesha.

Nimemchagua yeye kwa sababu gumzo la muhula huu ni akili mnemba. Kila kongamano, kila semina, hata foleni ya chakula, watu ni akili mnemba tu. Na zikitajwa hospitali, mjadala unagawanyika: wapo wanaoshangilia kwamba mashine zitatusomea moyo, mapafu na damu kuliko daktari aliyechoka na zamu ya usiku, na wapo wanaosema mashine haziwezi kujua ugonjwa wa binadamu, basi. Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Biolojia, si daktari. Lakini kila nikisikiliza mabishano hayo naona pande zote mbili zinaruka swali ambalo Einthoven alihangaika nalo zaidi ya miaka kumi: huu mstari ninaouona hapa ni wa moyo, au ni wa mashine?

Alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 huko Semarang, kisiwani Java, katika Indonesia ya leo, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Waholanzi. Baba yake alikuwa daktari. Kijana akiwa bado mdogo sana baba akafariki, na mwaka 1870 mama akawachukua watoto wake sita akarudi nao Uholanzi, wakakaa Utrecht. Mjane, watoto sita, na hela ya kusomesha mtoto udaktari haipo. Ndiyo maana Willem alipoingia Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1878 aliingia kwa mkataba: serikali inamsomesha, yeye akimaliza anakwenda kuwa daktari wa jeshi kule kule koloni. Yaani alikuwa na bumu lake, tena lenye masharti makali kuliko la kwetu. Baadaye mambo yalipobadilika na jeshini hakwenda, ilibidi alilipe.

Chuoni hakuwa mtu wa kujifungia maktaba. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha mazoezi ya viungo na mchezo wa vitara, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa klabu ya wanafunzi ya kupiga makasia pale Utrecht. Aliwasumbua wenzake kila mara wasiache miili yao ikaoza kwa kukaa. Siku moja katika michezo hiyo akavunjika kifundo cha mkono. Mwingine angelala akahurumiwa. Yeye akiwa na mkono umefungwa akaanza kujiuliza kiganja kinageukaje juu na chini, na kiwiko na bega vinafanya nini wakati huo. Utafiti wake wa kwanza ukatoka humo, kuhusu kiungo cha kiwiko. Napenda sana kisa hiki kwa sababu kinaonyesha tabia iliyomfuata maisha yote: akikutana na kitu kinachomkwamisha, hakipiti pembeni, anakipima.

Mwaka 1885 akapata shahada yake ya udaktari, na mwaka huo huo akateuliwa kuwa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alikuwa na miaka 25. Mimi nina 22, na nikihesabu miaka iliyobaki naona bora niendelee na hadithi.

Ili kuelewa alichokifanya Leiden lazima tukubaliane kwanza juu ya jambo moja. Moyo kabla ya kujikaza hutoa umeme. Ni mdogo sana, ukifika kwenye ngozi unakuwa kama elfu moja ya volti, lakini upo, na unasambaa mwili mzima kwa sababu mwili umejaa maji ya chumvi. Mwaka 1887, jijini London, mwanafiziolojia aitwaye Augustus Waller alionyesha kwamba umeme huo unaweza kunaswa bila kumpasua mtu kifua. Waller alikuwa na mbwa wake, Jimmy, ambaye alikuwa akimsimamisha mbele za watu na miguu yake ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, na kifaa kikacheza kwa mapigo ya moyo wa mbwa. Einthoven alimwona Waller akionyesha kazi hiyo. Waller mwenyewe kwa muda mrefu hakuamini kwamba ingekuja kuwa na matumizi makubwa hospitalini. Einthoven yeye alirudi Leiden na kuanza kazi.

Kifaa cha wakati ule kiliitwa elektromita ya kapilari. Ni bomba jembamba la kioo, ndani yake kuna zebaki, na juu ya zebaki kuna asidi. Umeme ukipita, mpaka kati ya zebaki na asidi unapanda au kushuka kidogo, mwanga unaurusha kivuli chake kwenye bamba la picha linalosogea, na unapata mchoro. Tatizo ni kwamba zebaki ni nzito. Moyo umeshabadilika, zebaki bado inaanza safari. Moyo umerudi, zebaki bado inapanda. Ni kama daladala iliyojaa: dereva amekanyaga breki kituoni, basi linakwenda kusimama mbele ya kituo. Ukimchora dereva kwa kuangalia mahali basi liliposimama, umemchora vibaya. Juu ya hilo, inasimuliwa kwamba mikokoteni ya farasi ikipita kwenye barabara ya mawe nje ya maabara, kila kitu kinatikisika. Einthoven akachimba shimo refu sakafuni, akalijaza mawe makubwa ili kifaa kitulie juu yake. Hata hivyo mtikisiko haukuisha.

Mchoro alioupata ulikuwa na vilima vichache vya mviringo. Akavipa herufi A, B, C na D. Hapo wengi wangefika mwisho: mchoro upo, herufi zipo, andika makala. Yeye akakaa chini akakokotoa jinsi zebaki inavyochelewa, akatengeneza hesabu ya kuondoa ucheleweshaji huo, kisha akachora upya, kwa hesabu, mstari ambao ungeonekana kama kifaa kisingekuwa kizito. Mstari mpya haukufanana na ule wa kwanza. Ulikuwa na kilima kidogo, kisha mchomo mkali unaopanda na kushuka, kisha kilima kingine kipana. Mwaka 1895 akaupa herufi zake, P, Q, R, S, T, ili usichanganywe na ule wa A, B, C, D.

Naomba tukae hapa kidogo. Kila daktari duniani, kuanzia Muhimbili mpaka Tokyo, anatumia herufi hizo P, Q, R, S, T. Mara nyingi watu hujiuliza kwa nini zinaanzia katikati ya alfabeti, na wanaishia kubahatisha. Jambo ninaloliona mimi ni kwamba herufi hizo ni jina la mstari uliosahihishwa. Zile za mashine zenyewe, A, B, C, D, zimesahaulika. Kwa hiyo ndani ya jina lenyewe la kipimo cha moyo kuna mtu aliyekataa kukiamini kifaa chake.

Lakini kusahihisha kila mchoro kwa hesabu za mkono si tiba, ni adhabu. Ilibidi apate kifaa chepesi. Hapo ndipo akaja na galvanomita ya uzi. Wale mliosoma Fizikia mnakumbuka galvanomita: waya upo ndani ya uga wa sumaku, umeme ukipita waya unasukumwa. Einthoven akaondoa koili yote akabakiza uzi mmoja tu, umetandazwa kati ya sumaku mbili zenye nguvu kubwa. Uzi wenyewe ulikuwa wa kioo cha kwatzi, umepakwa fedha ili upitishe umeme, na unene wake ni kama elfu mbili au tatu za milimita. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko uzi huo mara nyingi sana. Namna ya kuupata haimo kwenye silabasi yoyote niliyowahi kufundishwa: kwatzi iliyeyushwa kwa moto mkali, ikafungwa kwenye mshale, mshale ukafyatuliwa kwa upinde, na nyuma yake ukavutika uzi mwembamba mpaka ukapotea machoni. Sumaku zilipata moto kiasi cha kuhitaji kupozwa kwa maji. Mpimwaji alikaa kwenye kiti, mikono yake miwili kila mmoja ndani ya chombo cha maji ya chumvi, na mguu wa kushoto ndani ya chombo cha tatu.

Nikiwa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, kwenye shule ya kata, nilitoa galvanomita kabatini kuwaonyesha Kidato cha Nne. Ilikuwa na vumbi na sindano yake ilikuwa imekwama. Kijana mmoja wa nyuma akataka kujua kitu hicho kina faida gani kwa mtu ambaye hatakuwa fundi umeme. Nikawasimulia habari ya upinde na mshale. Kipindi kikaisha bila mimi kumaliza andalio la somo, na msimamizi wangu hakufurahi, lakini wale watoto waliandika.

Galvanomita ya uzi aliitangaza mwaka 1901, na katika miaka miwili iliyofuata akachapisha michoro ya moyo iliyopatikana kwayo. Na hapa ndipo nampa heshima zaidi. Alichukua watu wale wale, akaweka mstari wa kifaa kipya kando ya mstari ule aliokuwa ameukokotoa kutoka kifaa cha zamani. Vikalingana. Njia mbili tofauti kabisa, moja ya zebaki na hesabu, nyingine ya uzi na sumaku, zikatoa moyo ule ule. Alipokwisha kuona hivyo ndipo akaanza kuwapima wagonjwa kwa wingi.

Wagonjwa ndio wakaleta shida nyingine. Mashine haihamishiki, na mgonjwa mahututi naye hahamishiki. Kati ya maabara na hospitali ya Leiden kulikuwa na kilomita moja na nusu hivi. Mwaka 1905 Einthoven akatumia waya za simu: mgonjwa analala hospitalini mikono ikiwa kwenye maji ya chumvi, umeme wa moyo wake unasafiri kwenye waya, na uzi unacheza maabara. Mwaka uliofuata akachapisha makala juu ya njia hiyo, na ndani yake mlikuwa na michoro ya mioyo iliyopiga bila mpangilio, iliyoruka mapigo, iliyovimba. Leo tunasikia tiba mtandao kana kwamba imezaliwa na intaneti. Wazo hilo lina zaidi ya miaka 100. Ila ushirikiano wake na wakuu wa hospitali haukudumu. Mashine haikushindwa, watu ndio hawakuelewana. Wanaotuletea miradi ya vifaa vya afya vijijini wangeweza kuanza kwa kusoma ukurasa huo.

Sasa nitoke Leiden kidogo nije nyumbani, kwa sababu mimi jina la Einthoven sikulipata darasani. Nililipata kwa shangazi yangu. Alikuwa akisikia moyo unadunda kwa kasi usiku, akaenda hospitali moja ambayo sitaitaja. Wakampima ECG, karatasi ikatoka. Hizi mashine za siku hizi zina programu ndani yake, zinachora na kuandika majibu juu ya karatasi papo hapo, na karatasi ya shangazi iliandika kwamba huenda sehemu ya msuli wa moyo imekufa. Aliyempokea akasoma maandishi ya juu, mchoro wenyewe hakuushughulikia, akamwambia moyo umeshaathirika na apunguze kazi. Shangazi ni mama wa shamba. Akakodisha shamba kwa bei ya hasara, akauza mbuzi, akaanza kugawa vitenge vyake. Miezi minne tukawa tunaongea naye kama mtu anayeaga.

Alipoletwa Dar es Salaam, daktari aliiangalia ile karatasi kwa muda mfupi sana, akaomba kipimo kirudiwe. Kikatoka safi kabisa. Akatueleza kwamba waya wa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa mkono wa kushoto, na wa kushoto ukafungwa kulia. Mstari wa kwanza, ule wa mkono hadi mkono, ukatoka umepinduliwa chini juu. Programu ikasoma mstari uliopinduliwa kwa uaminifu wote ikatoa majibu yake. Ule mdundo wa usiku ulitokana na upungufu wa damu, akapewa dawa.

Nilikwenda kusoma mstari wa kwanza ni nini, nikamkuta Einthoven. Ndiye aliyeweka utaratibu huo: mkono wa kulia na wa kushoto, mkono wa kulia na mguu, mkono wa kushoto na mguu. Hizo pande tatu ndizo pembetatu yake ya mwaka 1912 na 1913, moyo ukiwa katikati. Mstari wa kwanza ndio ule ule unaochorwa na saa janja, mkono kwa mkono. Yeye alijua kwamba umbo la mstari linategemea mahali ulipouchukulia, na ndiyo maana alishikilia kwamba kila mahali duniani vipimo vichukuliwe kwa namna moja.

Kwa hiyo mashine ya shangazi iliharibika? Hapana. Ilifanya kazi iliyofundishwa. Akili mnemba nayo ni hivyo hivyo, tofauti ni ukubwa wa darasa lake. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza programu waliyoifundisha kwa michoro ya moyo karibu 650,000 kutoka kwa watu wapatao 180,000. Programu hiyo inaangalia mchoro ambao kwa macho ya daktari ni wa kawaida kabisa, na inaweza kubashiri kwamba mtu huyu ana tatizo la vyumba vya juu vya moyo kupapatika, tatizo linalokuja na kuondoka na ambalo huleta kiharusi. Einthoven alitazama mstari huo huo maisha yake yote na asingeweza kuona hilo. Mimi nalisema bila kinyongo: ni ajabu, na ni ajabu yenye faida. Nigeria nako, katika hospitali sita, wajawazito na waliojifungua karibuni walipimwa kwa stetoskopu ya kidijitali inayonasa sauti na umeme wa moyo na kuupeleka kwa programu ya akili mnemba. Matokeo yalitolewa mwaka 2024, na waliogunduliwa kuwa na udhaifu wa moyo walikuwa karibu mara mbili ya wale waliogunduliwa katika kundi lililopata huduma ya kawaida tu. Hao ni mama wadogo ambao mara nyingi huambiwa kuchoka na kuvimba miguu ni mimba tu.

Wanaosema mashine haziwezi, basi, wajibu hilo la Nigeria.

Na wanaoshangilia wajibu hili lingine. Kile kibanio kinachowekwa kidoleni kupima oksijeni ya damu, ambacho sote tulikifahamu wakati wa korona, hupitisha mwanga kwenye kidole na kukisia oksijeni kutokana na mwanga uliofyonzwa. Rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Mwishoni mwa mwaka 2020 madaktari wa Marekani walilinganisha namba za kibanio na vipimo vya damu iliyotolewa kwenye mshipa, wakakuta kwamba wagonjwa weusi ambao kibanio kiliwaona wako salama, kumbe oksijeni imeshuka, walikuwa karibu mara tatu ya wagonjwa weupe. Kifaa kilikuwa kimetumika miongo mingi. Hakuna aliyedanganya. Ni kwamba njia ya pili ya kukihakiki, kwenye miili kama yetu, ilikuwa haijafanywa kwa uzito unaostahili. Ukichukua namba za kibanio hicho ukazimwagia programu ya akili mnemba zikiwa milioni, programu itajifunza kosa hilo vizuri kuliko binadamu yeyote.

Hapo ndipo nauona ule mchoro wa Leiden, mistari miwili kando kwa kando, wa zebaki na wa uzi. Mashine zinakuja, hilo limeshapita ubishi. Zikifika hospitali ya wilaya, nataka kujua ni nani ameweka mstari wake kando ya mstari mwingine, kwa watu wa wilaya hiyo. Nataka pia yule wa zamu awe amefundishwa kuutazama mchoro, asiishie kwenye maandishi ya juu. Hiyo ni kazi ya ualimu, jamani, na bajeti ya ualimu huwa ya mwisho kuandikwa kila mashine mpya inaponunuliwa.

Maisha yake yaliyobaki nitayapitisha haraka. Hakutajirika kwa kifaa chake. Mtengenezaji mmoja wa Ujerumani, Edelmann, alianza kukitengeneza na kumlipa, halafu akakibadilisha na kuacha kulipa. Kampuni ya Cambridge, Uingereza, iliyoongozwa na Horace Darwin, mtoto wa yule Charles Darwin, ikachukua kazi hiyo na taratibu kifaa kikapungua ukubwa. Daktari Thomas Lewis wa London akakitumia kwa wagonjwa kuliko mtu mwingine yeyote wa wakati wake, na wawili hao wakawa marafiki wa barua kwa miaka mingi, wanakosoana na kutumiana michoro. Einthoven alikiri waziwazi kwamba bila Lewis kifaa chake kisingefika kwenye vitanda vya wagonjwa kama kilivyofika.

Mwaka 1924 alikuwa Marekani kwa mihadhara habari ilipotoka kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Inasimuliwa kwamba aliisoma kwenye gazeti la Boston na hakuiamini mpaka alipoiona imethibitishwa. Hata gazeti alitaka kulihakiki.

Halafu kuna habari ya van der Woerd. Huyu alikuwa fundi wa maabara, mtu wa mikono, aliyefanya kazi na Einthoven miaka mingi katika kutengeneza galvanomita. Kwenye vitabu vya wanafunzi wa udaktari hayumo. Tuzo ilipokuja alikuwa ameshafariki. Inasimuliwa kwamba Einthoven aliona fedha zile si zake peke yake, akaanza kumtafuta, akaambiwa amekufa, akauliza kama ana ndugu. Akaelekezwa kwa dada zake wawili, wanawake wazee waliokuwa wakiishi kwa shida kwenye nyumba ya kusaidia maskini. Akawafuata huko, akawapa nusu ya fedha.

Alifanya kazi mpaka mwisho. Alifariki tarehe 29 Septemba 1927 baada ya kuugua kwa muda mrefu, akazikwa Oegstgeest, kijiji kilicho jirani na Leiden. Maandishi yake marefu ya mwisho kuhusu umeme wa moyo yalichapishwa mwaka uliofuata.